Mpako gani kwa meza ya zamani? Shajara ya kufufua meza ya mahogani

2 Machi: meza yenyewe

Ni meza ya kuandikia ya mahogani, yenye watoto watatu (droo) upande wa kulia na miguu iliyochongwa. Fremu, miguu na nyuso za watoto wa meza ni mbao nzima. Uso wa juu ni vinia, yaani utando mwembamba wa mbao, ya mahogani iliyogandishwa juu ya mbao ya kawaida. Hakuna dalili ya bungua na maungio yote yanashika. Kilichochoka ni mpako. Ubavuni umepasuka nyufa ndogondogo kama tope la bwawa lililokauka. Juu una alama nyeupe za vikombe na duara mbili nyeusi, na pale ambapo mkono wa mwandishi ulikuwa ukiegemea, mpako umekwisha na mbao iko wazi.

Swali la kwanza la watu wengi ni "nipake vanishi gani?", na wengi hujibiwa kwa kutajiwa jina la kopo. Kabla ya kopo kuna mambo matatu ya kujua: mpako uliopo ni wa aina gani, uso huo utatumikaje kila siku, na ukikwaruzwa utatengenezwaje. La tatu ndilo ninalolipa uzito mkubwa kuliko yote. Samani iliyodumu kizazi kizima itakwaruzwa tena, na mpako mzuri ni ule unaokubali kutibiwa mahali palipoumia bila kuvuliwa wote.

4 Machi: kuutambua mpako wa zamani

Chini ya ukingo wa meza, mahali pasipoonekana, nilidondosha tone la spiriti na kulisubiri. Baada ya dakika moja hivi mpako ulianza kunata, na pamba niliyoupangusia ikatoka na rangi ya chai. Hiyo ni shelaki. Kama spiriti isingeugusa, tone la pili lingekuwa la thina ya lakeri: mpako ukilainika kwa thina lakini si kwa spiriti, mara nyingi ni lakeri ya nitroselulosi, ambayo viwanda vya samani vilianza kuitumia kwa wingi miaka ya 1920. Usipolainika kwa chochote kati ya hivyo viwili, una vanishi ya mafuta au poliurethani (vanishi ya plastiki).

Kipimo hiki cha tone moja kiliamua nusu ya mradi. Shelaki hutokana na utomvu wa mdudu mdogo, Kerria lacca, unaokwanguliwa kwenye matawi ya miti, hasa India na Thailand. Hukauka kwa spiriti kuruka, basi. Haibadiliki ndani yake kama vanishi inavyobadilika, kwa hiyo spiriti ikirudi, shelaki hulainika tena hata baada ya miongo mingi. Mpako wa namna hiyo hauhitaji kuvuliwa kila mahali. Unaweza kuyeyushwa pale pale ulipo ukajipanga upya.

Neno kwa atakayefuata njia hii: ukikuta muhuri wa mtengenezaji, au unadhani samani yako ni adimu, usiuguse mpako wake kabla mtu anayejua kuhifadhi vitu vya kale hajaitazama. Mpako wa awali ni sehemu ya thamani yake, na ukishaondolewa haurudi.

9 Machi: ubavu na miguu

Kwanza uchafu. Nilipangusa kila mahali kwa kitambaa chenye tapentaini, ambayo huondoa nta na mafuta ya mikono bila kuila shelaki. Hatua hii haifai kurukwa, kwani spiriti ikija juu ya uchafu huuyeyushia ndani ya mpako na ukabaki humo.

Halafu nilipaka spiriti kwa brashi laini ubavuni ili nyufa zifunguke na kuungana. Meza ikiwa imesimama, jambo hili halifanyiki. Shelaki iliyolainika iliteremka na kuganda kwa michirizi karibu na mguu. Dawa yake ilikuwa kuilaza meza ubavu juu ya blanketi, ili uso unaofanyiwa kazi uwe sawa na sakafu. Brashi ipite mara moja tu, ielekee upande mmoja, kisha uondoe mkono. Ukirudi kusugua sehemu iliyokwisha kulainika unaichimba. Michirizi ya mwanzo iliondoka kwa mpito wa pili wa spiriti, na nyufa zilifungika karibu zote. Zilizobaki zinaonekana tu ukiinama karibu, na nimeziacha.

Juu yake nilipaka shelaki mpya nyembamba: gramu 120 za vipande kwa lita moja ya spiriti. Kwa kazi hii nilichanganya gramu 30 kwa robo lita, nikaiacha usiku kucha na kuichuja kwa kitambaa. Usichanganye nyingi kwa kuweka akiba. Shelaki iliyoyeyushwa huzeeka ndani ya chupa na mwishowe hukataa kukauka. Kabla ya kutumia chupa yoyote ya zamani, dondosha tone kwenye kioo. Likiwa bado linanata kesho yake, mwaga.

12 Machi: ukungu mweupe

Mvua ilianza nikiwa kwenye mguu wa tatu. Mkono (tabaka moja) wa shelaki niliokuwa nimepaka ulikauka ukiwa na ukungu mweupe, na wekundu wa mahogani ukafifia. Spiriti inaporuka hupoza uso wa mbao, na hewa ikiwa na unyevu mwingi, unyevu huo hunaswa ndani ya mpako. Lakeri nayo huugua hivyo hivyo.

Kusugua kwa msasa hakusaidii, kwa sababu ukungu hauko juu tu. Nilisubiri siku kavu, nikakunja kitambaa cha pamba, nikakilowesha spiriti kidogo kiasi cha kuhisi ubaridi tu kwenye ngozi ya mkono, kisha nikakipitisha haraka bila kusimama. Ukungu ulitoweka chini ya kitambaa, na rangi ikarudi. Njia hiyo hiyo ndiyo hutumika kwa alama nyeupe za vikombe kwenye shelaki, maana ni unyevu ulionaswa vile vile.

16 Machi: kuuvua uso wa juu

Juu hapakuwa na mpako wa kutosha kufufua. Niliuvua kwa spiriti na vitambaa vigumu, sehemu ndogo kwa sehemu ndogo. Watu hukimbilia dawa kali za kuvulia rangi, lakini kwa shelaki hazihitajiki, na zile zenye dikloromethani zimewahi kuua watu katika vyumba visivyo na hewa. Marekani ilikataza mwaka 2019 zisiuzwe kwa watu wa kawaida kwa ajili ya kuvua rangi. Spiriti nayo hushika moto upesi, kwa hiyo milango ilikuwa wazi na hapakuwa na mwali wowote karibu.

Sikutumia mashine ya msasa. Vinia ni nyembamba, na ya kisasa huwa karibu nusu milimita tu. Hii ni nene zaidi, lakini kwenye kingo tayari imeliwa, na ukiipenya hakuna kurudi. Nilipitisha msasa namba 180 na kisha 220 kwa mkono, kuufuata mwelekeo wa nyuzi, na nikakoma mara tu uso ulipokuwa laini. Rangi ya uzee ya mahogani iko kwenye tabaka la juu kabisa. Kila unavyosugua zaidi unaiondoa, na chini yake kuna mbao iliyopauka.

Duara mbili nyeusi zilibaki. Hizo si unyevu kwenye mpako. Ni chuma kilichokutana na tanini, kemikali ya asili ya mbao, penye maji. Hapo hutumika asidi ya oksaliki: fuwele zake huyeyushwa kwenye maji ya moto mpaka zisiyeyuke tena, maji yanaachwa yapoe, na chombo kiwe cha plastiki au kioo, kamwe si cha chuma. Vaa glavu na miwani. Jaribio la kupaka kwenye duara peke yake lilikwama, kwa sababu asidi hung'arisha na mbao isiyo na doa pia, na mahali pa duara pakabaki kiraka cheupe kuliko jirani zake. Ilibidi kupaka uso mzima ili ulingane.

Tatizo lingine likawa maji. Samani za zamani ziligandishwa kwa gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama, ambayo hulainika kwa maji na joto. Kwenye kona moja vinia iliinuka kidogo baada ya kusuuza. Niliirudisha kwa gundi ya aina hiyo hiyo, karatasi ya nailoni juu, kipande cha mbao juu ya nailoni, na klempu mpaka asubuhi. Kuanzia hapo nilisuuza kwa sponji iliyokamuliwa, mara nyingi, kila mara kwa maji safi. Kusuuza vizuri ni lazima, kwa kuwa fuwele zikibaki na ukaja kupiga msasa, vumbi lake huchoma pua na koo vibaya.

22 Machi: vipande vya majaribio

Nilianza na mabaki ya mahogani mpya, yakawa hayana msaada: mbao mpya ni ya waridi na kila mpako uliipendeza. Nikahamia sehemu ya ndani ya ubao wa nyuma wa meza, mbao ya umri ule ule. Niliugawa kwa utepe wa karatasi kuwa viwanja, nikaandika jina la mpako kwenye kila kimoja.

Kila kiwanja, kikishakauka vya kutosha, kilipata mitihani ileile: glasi yenye maji chini yake usiku kucha, kikombe cha moto, tone la spiriti, ukucha, na kwa kuwa hii ni meza ya kuandikia, maneno machache ya kalamu ya wino kwenye karatasi moja iliyowekwa juu yake.

Mafuta ya kitani yaliyochemshwa yalitoa rangi nzuri kuliko yote, yenye kina, na hapo nilielewa kwa nini watu huyapenda. (Jina "yaliyochemshwa" lisikupoteze. Siku hizi huwa yametiwa chumvi za metali za kuharakisha kukauka. Mabichi huchukua wiki nyingi.) Lakini glasi iliacha duara, na maneno ya kalamu yalisomeka kwenye mbao ukiinamisha taa, maana mafuta hukaa ndani ya mbao bila kuweka ngozi ngumu juu. Kuyatengeneza ni rahisi sana, unapaka tena. Kuilinda mbao ndiko yasikoweza. Mafuta ya tungi, yatokanayo na mbegu za mti wa Vernicia fordii, yalivumilia maji zaidi, lakini maneno yalisomeka vile vile.

Nta peke yake ilifeli kila mtihani. Ni ya kung'arishia mpako mwingine.

Shelaki ilikauka upesi na kuangaza vizuri. Kikombe cha moto kiliacha alama, na tone la spiriti lilichimba shimo. Kwa ubavu na miguu hakuna kinachoishinda. Kwa uso utakaowekewa vikombe, haifai kuwa ya juu kabisa.

Poliurethani ya maji ilinifanya nifikiri kwa muda mrefu. Haina harufu kali, mkono mmoja hukauka kwa saa chache, na haigeuki njano. Ila ilisimamisha vinyuzi vya mbao mpaka uso ukakwaruza, na mahogani ikaonekana baridi, kana kwamba imefunikwa kioo cha dirisha. Vinyuzi vina dawa: loweshea mbao maji kwanza, iache ikauke, piga msasa mwepesi, kisha ndipo upake. Ubaridi nao una dawa, mkono mmoja wa shelaki chini yake. Anayefanyia kazi ndani ya nyumba yenye watoto asiipuuze. Ila asitumie sufi ya chuma kati ya mikono, kwani punje zake hubaki, hukutana na maji ya mpako unaofuata na kuacha madoa ya kutu.

Poliurethani ya mafuta ilifaulu mitihani yote kwa nguvu. Kisha nikaikwaruza makusudi na kuipaka tena mahali pale, na kiraka kikaonekana chenye ukingo wake, hata baada ya kupigwa msasa. Vanishi ya mafuta ya alkidi (utomvu wa viwandani) ilikuwa laini kidogo kuliko hiyo, ilivumilia maji, spiriti na kikombe, na nilipoikwaruza na kuitibu, kiraka kilisuguliwa kikapotelea kwenye jirani zake.

Lakeri sikuijaribu: huhitaji bomba la kupulizia na chumba chenye kuvuta mvuke wake unaoshika moto. Mipako ya kuchanganya makopo mawili ni migumu mno, na kuivua siku moja ni kuiadhibu vinia.

28 Machi: uamuzi

Meza moja, mipako miwili. Ubavu, miguu na nyuso za watoto wa meza zinabaki na shelaki. Uso wa juu unapata mkono mmoja wa shelaki iliyoondolewa nta, kisha vanishi ya alkidi. Nta ni jambo la kuangalia: shelaki ya kawaida huwa na takriban asilimia 5 ya nta, na vanishi, hasa poliurethani, haishiki vizuri juu yake. Ndani ya watoto wa meza ni shelaki pia. Mafuta au vanishi ya mafuta humo hutoa harufu kwa miezi, na karatasi huinyonya.

30 Machi: macho ya silikoni

Kabla sijafika kwenye shelaki ya kuzibia, nilipaka vanishi kwenye kona moja iliyovuliwa ili kuona rangi yake juu ya vinia yenyewe. Kona hiyo iliokoa uso mzima. Dakika chache baadaye vanishi ilianza kujikunja na kuacha vishimo vya mviringo, kila kimoja na ukingo wake ulioinuka, na katikati mbao tupu. Brashi ikipita juu yake, vinafunguka tena mahali pale pale.

Hiyo ni silikoni ya dawa za kung'arisha samani zilizopuliziwa meza hii miaka mingi. Hupenya mbao kupitia nyufa za mpako na hubaki hata baada ya kuvua. Vanishi haiwezi kutandaa juu yake. Kuongeza mkono mwingine kufunika ni kupoteza vanishi.

Niliipangusa yote ikiwa bado mbichi, kwa tapentaini. Kisha niliosha uso wote kwa tapentaini tena na tena, kitambaa kipya kila mara, kwa sababu kitambaa kilekile huisambaza tu. Baada ya kukauka, mkono mmoja wa shelaki isiyo na nta ulifunika kilichobaki. Shelaki hushika juu ya karibu kila kitu na huifungia silikoni chini. Kona ile ile ilipopakwa vanishi mara ya pili, ilitandaa bila kishimo hata kimoja.

5 Aprili: mikono ya vanishi

Mkono wa kwanza niliupunguza makali kwa tapentaini kidogo, ukapakwa kwa brashi ya manyoya halisi. Kopo hukorogwa, halitikiswi, maana kutikisa huleta mapovu yanayogandia juu. Baada ya kila mkono, kipimo cha ukavu ni msasa wenyewe: ukitoa unga mweupe, endelea. Ukiziba na kujikusanya madonge, vanishi bado ni mbichi hata kama mkono hauhisi kunata.

Ukingo wa mbele ulifanya mchirizi. Kuukata ungali laini kuliung'oa na vanishi ya chini. Nilichelewa nao mpaka ukawa mgumu kabisa, ndipo wembe ulioshikwa wima ukaukwangua hadi usawa, na msasa namba 320 ukamaliza. Vumbi nalo lilitua. Kwa mikono ya mwisho niliacha brashi nikachanganya vanishi na tapentaini nusu kwa nusu, nikapaka kwa kitambaa. Tabaka ni nyembamba na hukauka kabla vumbi halijapata nafasi ya kuzama. Gharama yake ni muda, kwa kuwa mikono mitatu hivi ya kitambaa hujaza nafasi ya mmoja wa brashi.

Mikono ya chini ni ya kung'aa kabisa, wa mwisho peke yake ni wa mng'ao wa kati. Vanishi ya mng'ao wa kati ina unga wa silika wa kuvunja mwanga, na ukiirundika mkono juu ya mkono huficha nyuzi za mbao.

Vitambaa: mafuta ya kitani na vanishi za mafuta hukauka kwa kuvuta oksijeni, na kazi hiyo hutoa joto. Kitambaa kilichokunjwa hulifungia joto hilo ndani mpaka kinawaka chenyewe, bila kiberiti. Vyangu vyote vilitandazwa nje kimoja kimoja mpaka vikakakamaa, na vya usiku viliingia kwenye kopo la chuma lenye maji na kifuniko. Usilale kabla hujajua kila kitambaa kiko wapi.

14 Mei: baada ya kukomaa

Vanishi hii hukauka mkononi siku ya pili, lakini ugumu wake kamili huchukua takriban mwezi. Kwa kipindi hicho juu ya meza hapakuwekwa kitu. Leo nimerudia mitihani kwenye ukingo wa nyuma: maji, kikombe na kalamu vyote vimepita. Nimepaka nta ya nyuki iliyochanganywa na karnauba, nyembamba, nikaisugua. Karnauba ni nta inayotoka kwenye majani ya mti wa Brazili wa jamii ya mitende na huyeyuka kwenye nyuzi joto zaidi ya 80, nta ya nyuki kwenye 62 hadi 64, ndiyo maana mchanganyiko ni mgumu kuliko nta ya nyuki peke yake.

Vilivyotumika: vipande vya shelaki chini ya gramu 100 kwa kila kitu, spiriti takriban lita mbili, nyingi ikiwa ya kuvulia, vanishi chini ya nusu lita, tapentaini lita moja na ushee, ambayo sehemu kubwa ilienda kwenye kuosha silikoni. Ningejua mapema kwamba meza imepuliziwa dawa hizo, ningeziba kwa shelaki siku ile ile ya kuuvua.

Chini ya mtoto wa juu nimegandisha karatasi: uso ni alkidi juu ya shelaki isiyo na nta, kwingine kote ni shelaki, usipulizie chochote chenye silikoni. Kazi iliyobaki ni vishikio vya shaba, na ukingo wa kulia wa mbele, ambao nitautazama tena msimu wa mvua ukianza.